Jalidi Hafungiwi Mlango

Mei 27
Mke wangu amechoka kunisikiliza. Kasema hivyo mchana kweupe, mbele ya mama yake, kisha akaniwekea daftari mapajani. "Hadithi zako andika humu. Daftari halina masikio, halitachoka." Basi naandika. Shule niliiacha darasa la tano, darasa nililolipenda hata nikalirudia, lakini dunia imenimalizia masomo yaliyobaki. Nimeendesha lori nusu ya umri wangu. Nimevuka mipaka ambayo wasomi wanaiona kwenye ramani tu. Naweza kuomba maji na kuomba radhi kwa lugha sita. Mgongo ndio ulionikataa. Daktari akasema usukani basi, nami nikamfuata mke wangu huku kwao juu, kwenye baridi, ambako watu huongea mikono ikiwa makwapani.

Kwa atakayesoma, ajue kwamba nina mipapai. Hakuna mwingine mwenye mipapai huku. Niliipanda katika bonde la mama mkwe, mbegu nimezileta mwenyewe kutoka kwetu kwenye joto, ndani ya soksi. Walicheka wote. Leo imenipita kimo, na mapapai mabichi yamebanana shingoni mwake kama ndugu kwenye kitanda kimoja. Aliyecheka kuliko wote ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeendesha mashine ya kusaga nafaka. Bonde lile alilitaka yeye, apande kabichi.

Mama mkwe akakata shauri. "Kipupwe hiki ndicho hakimu. Mipapai ikivuka baridi, bonde ni la mkwe wangu, alime mpaka azeeke. Ikifa, bonde ni la mwanangu. Na asinisumbue mtu tena."

Kipupwe ndiyo kinaingia. Nikishinda, nitakuwa mtu mwenye shamba lake. Nikishindwa, nitakuwa mume aliyehamia kwa wakwe na daftari.

Juni 1
Baridi. Soksi mbili mbili. Mama mkwe kasema jua leo kagoma, hataki kuamka. Anawasema jua na mvua kama majirani wenye tabia mbaya. Mipapai mizima.

Juni 5
Leo nimekuta unga kwenye mipapai.

Sisemi vumbi, sisemi majivu. Unga mweupe, umepakwa shingoni mwa mapapai na chini ya majani, vibonge vibonge, kama mtu aliyechota kwa vidole akabandika kwa makusudi. Sasa nauliza, nani hapa anatembea na unga mikononi, puani, masikioni mpaka kwenye nyusi? Nani akirudi kazini jioni watoto wa jirani wanamkimbia wakidhani mzimu?

Sijamwambia mtu. Mimi siulizi, mimi nachunguza. Barabarani anayeuliza sana ndiye anayeibiwa gurudumu la akiba.

Juni 6
Nimekwenda kwenye mashine. Kelele kama kawaida, mkanda unapiga makofi, shemeji mweupe kama chaki.

"Karibu shemeji! Umeleta nini kusaga?"

"Nimeleta salamu."

"Salamu hazisagiki. Kaa pembeni usije ukaumizwa na mkanda."

Nikamshika mkono, nikaubana kwa mapenzi makubwa, nikautoa wangu umejaa unga. Unga huo nikautia mfukoni. Huo ndio ushahidi. Nilipofika bondeni nikachukua wa kwenye papai na wa mfukoni, nikaweka kila mmoja kwenye kiganja chake. Kwa macho ni ndugu. Nikaonja wa mfukoni, mtamu, mahindi. Nikaonja wa kwenye papai, unanata na una uchachu. Kwa hiyo kachanganya na kitu. Sumu!

Juni 7
Muuza dawa za mimea ana duka dogo kando ya barabara, na miwani yake hukaa kwenye paji la uso, nadhani paji ndilo halioni vizuri. Nikamwekea kipande cha jani mezani.

"Mtaalamu, hii ni sumu gani?"

Akashusha miwani. "Hii si sumu, mzee. Hawa ni wadudu. Wanajivika nta nyeupe wasiguswe. Wananyonya maji ya mti."

"Una hakika si unga?"

"Unga unatembea? Tazama."

Nikatazama. Ulitembea.

"Mtu akionja je?" nikauliza, kwa upole.

"Nani kaonja?"

"Namuulizia jirani."

"Ameonja kiasi gani?"

"Kama chumvi ya kwenye yai."

"Basi mwambie jirani amekula ukoo mzima, babu na wajukuu." Akacheka mpaka miwani ikarudi kwenye paji yenyewe.

Kaniambia sisimizi ndio wachungaji wao. Wanawabeba mpaka juu, wanawalinda, wanawakamua utamu kama watu wanavyokamua ng'ombe. Nioshe mipapai kwa maji ya sabuni, na kila shina nilifunge kitambaa chenye grisi sisimizi wasipande. Grisi! Hapo akawa amefika nyumbani kwangu. Nina kopo zima tangu enzi za lori.

Lakini nimewaza njiani. Wadudu wale hawana mbawa, na mipapai mingine karibu hakuna. Nani kawaleta?

Juni 9
Tumeosha mipapai mimi na mke wangu, kutwa nzima, sponji na ndoo. Anapanda kistuli, mimi nashika kistuli.

"Mgongo wangu hujauosha tangu mwaka juzi," kasema, "mipapai inaoshwa mpaka makwapani."

"Wewe huzai mapapai."

"Ngoja nishuke nikuzalie kofi."

Tulicheka. Mtu akituona angesema ni wachumba. Nilimtazama akikwaruza wadudu kwa kucha bila kinyaa, nikasema moyoni, huyu siku zote alikuwa mali, nilimwacha nyumbani peke yake miaka mingi nikizunguka na lori.

Miaka mingi. Peke yake.

Juni 11
Grisi inafanya kazi. Sisimizi wanafika kwenye kitambaa wanarudi, kama malori yasiyo na karatasi mpakani.

Juni 14
Nitaandika kama nilivyosikia, nisiongeze chumvi.

Nilikuwa nyuma ya jiko la mama mkwe natafuta kamba. Dirisha wazi. Ndani mama na mwana.

Mama mkwe: "Mwaka huu Jalidi atakuja mapema. Magoti yangu yameshaniambia."

Mke wangu: "Usimwambie mume wangu, mama. Atahangaika bure."

Mama mkwe: "Akija ataanzia bondeni. Siku zote huanzia bondeni."

Mke wangu: "Lakini ni mzuri, mama, tuseme ukweli. Nilipokuwa msichana nilikuwa natoka nje alfajiri kumwona tu. Anang'aa!"

Mama mkwe: "Uzuri wa nini? Uliishia kupigwa na kikohozi."

Wakacheka wote wawili. Kamba sikuitafuta tena.

Juni 15
Jalidi. Jina la mtu anayenyoa ndevu kila siku na kuvaa shati jeupe.

Juni 16
Sijasema kitu. Mke wangu kaniuliza kama naumwa. Nimesema mgongo.

Juni 19
Leo nimemtega. Nilichagua wakati anapepeta mchele, macho yake yako chini.

"Huyu Jalidi," nikasema, kama mtu anayetaja habari za bei ya sukari, "unamjua tangu lini?"

Akainua kichwa, akanitazama, akaanza kutabasamu. "Jalidi? Tangu utotoni. Nani huku hamjui?"

"Amewahi kuja hapa kwenu?"

"Kila mwaka, anapotaka."

"Anabisha hodi?"

"Abishe hodi kwa nani? Unaamka unakuta ameshapita."

"Na marehemu baba mkwe alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua? Si alimmalizia viazi vyake vyote mwaka ule! Baba alikaa kizingitini akalia."

"Akalia tu? Hakumfanya lolote?"

"Amfanye nini, bwana wee? Ampige mangumi?" Hapo ungo ukamponyoka kwa kicheko, mchele ukamwagika, akaniita kichekesho chake, akanipiga begani.

Nami nikacheka. Mdomo ulicheka. Ndani niliona mtu anayekuja alfajiri, anakula viazi vya mkwe wangu, anatoka aking'aa, na nyumba nzima inamchekea. Na mimi nimehamia humo na soksi zangu!

Juni 23
Shemeji kaja bondeni, kasimama kwenye ukingo, mikono mfukoni. Hajawahi kuja tangu nipande.

"Shemeji, mipapai yako imependeza. Mimi sikuamini."

"Karibu uamini."

"Ila bonde hili Jalidi analipenda mno. Huteremka hapa akatulia. Ndiyo maana nilimwambia mama asikupe hapa, akupe kule mteremkoni."

"Kumbe unamjua vizuri."

"Tumekua naye," akasema, akacheka. "Ukitaka, siku moja nikuletee magunia pale kwenye mashine."

"Magunia ya nini?"

"Ya kuvalisha." Akaonyesha mipapai kwa kidevu, akaenda zake.

Nimekaa na maneno hayo mpaka chai imepoa. Yeye anataka bonde. Jalidi analipenda bonde. Wamekua pamoja. Na mpapai ukivishwa gunia kichwani unapumua vipi? Nimewahi kuona watu wawili wakiuza gurudumu moja kwa mteja mmoja mara mbili. Ushirika naujua kwa harufu.

Juni 28
Uzio umekamilika. Miiba pande zote, lango la mbao, na kufuli kubwa ambalo lilikuwa la tela langu. Kufuli hili limelinda mizigo kwenye barabara zenye majambazi ambao hata polisi waliwaamkia.

Mama mkwe kaja na fimbo yake kutazama. Kalizunguka lango, kalitikisa kufuli.

"Mkwe wangu, hili la nani?"

"La Jalidi, mama." Nilimtazama machoni nione kama atababaika.

Hakubabaika. Alicheka kicheko cha meno yote aliyobakiwa nayo. "Jalidi hafungiwi mlango, baba. Anateremka kutoka juu! Haya, utani wako umenipasha mwili joto." Akaondoka anajisemea, kufuli, jamani, kufuli.

Kutoka juu. Kwa hiyo anakaa juu kilimani. Angalau sasa najua upande.

Julai 3
Mawingu. Joto kidogo. Hakuna aliyekuja. Mke wangu naye siongei naye sana. Anaongea na mipapai akiosha.

Julai 6
Mapapai mawili yameanza kuwa na mstari wa njano. Sijamwambia mtu. Nimeyafunika kwa majani yasionekane kutoka kilimani.

Julai 8
Naandika kwa hasira, atakayesoma avumilie mwandiko.

Nilikwenda mjini kliniki kwa ajili ya mgongo, nikarudi jua linazama. Nikapitia bondeni kabla ya nyumbani. Lango wazi! Kufuli halijavunjwa, limefunguliwa kwa ufunguo, limening'inia kama ulimi. Ufunguo tunajua wawili tu mahali ulipo, mimi na mke wangu.

Na mipapai imevalishwa. Kila mmoja una gunia kichwani, majani na matunda yamo ndani, limefungwa kiunoni kwa kamba, fundo moja kila mahali. Magunia ya mashine, na unga bado umo kwenye pindo. Ilisimama pale kama wafungwa wanaosubiri risasi.

Nikayavua. Yote. Mengine niliyachana kwa meno. Kila nililovua nilisema neno, na maneno hayo sitayaandika kwa sababu daftari ni zawadi. Nikayafunga mzigo, nikayapeleka kwenye mashine. Ilikuwa imefungwa, nikayatupa mlangoni. Asubuhi atayakuta aelewe kwamba amejulikana.

Nyumbani mke wangu hayupo. Kuna chai kwenye chupa, na karatasi: "Magoti ya mama yamezidi, nalala kwake. Bondeni usiwe na wasiwasi."

Usiwe na wasiwasi! Kampa kaka yake ufunguo, kisha ananiambia nisiwe na wasiwasi.

Mbingu ni safi, haina hata wingu. Baridi ya kukata masikio. Kesho nitasema nao wote.

Julai 9
Nilitoka kabla jua halijachomoza. Njia nzima nyasi nyeupe, paa la banda jeupe, lango langu jeupe. Nikasema, leo shemeji kamwaga ghala zima la unga. Nikainama nikachota, tayari kuonja, maana mazoea yana taabu. Ukayeyuka kiganjani. Ukawa maji.

Nilisimama nikitazama mkono wangu. Barafu nimeiona mimi, kwenye makontena ya samaki. Lakini ile huwa na mlango, na injini, na mtu wa kuisainia. Sijawahi kuiona imelala kwenye nyasi bila mwenyewe.

Mipapai ilikuwa imesimama vizuri, majani yanang'aa kwenye kingo. Nikashukuru. Kisha jua likapanda, likaifikia, na mbele ya macho yangu majani yakaanza kulegea. Moja, na jingine, na jingine. Yakawa meusi, yakawa yanachuruzika, kama mboga iliyotoka kwenye sufuria. Mapapai yakapata madoa ya maji, hata yale mawili yenye njano. Nikashika jani, likabaki mkononi.

Maji ya moto, nikasema. Mtu kamwagia maji ya moto. Jalidi.

Nikachukua spana ya magurudumu, nikapanda mpaka kwa mama mkwe. Walikuwa wanakunywa chai, wote watatu, mama mkwe na blanketi magotini, mke wangu, na shemeji ambaye alikuwa hajaenda kazini bado. Nilipiga mlango kwa spana.

"Yuko wapi?"

"Nani?" mke wangu akasema.

"Jalidi! Kanichomea mipapai yote! Leo mtamtoa, au nitamtoa mwenyewe!"

Wakatazamana. Shemeji akaanza kucheka, akadhani nimekuja na mchezo mpya. Mke wangu hakucheka. Aliitazama spana, akanitazama miguu, nilikuwa nimetoka na viatu viwili visivyofanana. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Mume wangu," akasema. "Wewe unadhani Jalidi ni nani?"

"Mnamjua nyie. Ulikuwa unatoka alfajiri kumwona."

Mama mkwe akaashiria nje kwa kidole, kwenye nyasi za kivulini ambazo bado zilikuwa nyeupe.

"Yule pale," akasema. "Baridi inayogandisha umande. Kwenu mnaiitaje?"

Kwetu hatuiiti. Kwetu haijawahi kuja ikahitaji jina.

Nilitaka kucheka. Nimejitoa kwenye mitego mibaya kuliko hiyo kwa kucheka. Lakini shemeji kashasimama, anatikisa kichwa. "Hata hivyo haiwezekani ichome yote. Magunia ni mazito yale. Mimi na dada tumefunga jana mchana, mti kwa mti. Mama kasema mbingu imetakata, tusikusubiri, utachelewa. Magunia yalikuwepo?"

"Upepo," nikasema.

"Upepo gani? Jana hakukuwa na upepo."

"Ulikuja ghafla."

Hapo akaingia msichana wa jirani anayepeleka mahindi mashineni asubuhi, kamfuata shemeji, akasema, shwari kabisa, kwamba mlangoni kwa mashine kuna mzigo wa magunia yaliyochanwa, akauliza kama ni ya kutupwa.

Mke wangu akasema, "Ungeniuliza tu."

"Nilikuuliza."

"Ulinichekesha. Hujawahi kuniuliza." Akavuta shuka lake mabegani. "Na mimi ulidhani ni nani wangu, huyo Jalidi?"

Lugha sita nazijua. Nikachukua spana yangu nikatoka.

Julai 10
Hajarudi. Nimepika mwenyewe, nimeunguza.

Julai 13
Mama mkwe kaita watu wake barazani. Shemeji ndiye aliyenitetea, jambo lililonitia mashaka zaidi. "Mama, hakuelewa neno. Tumsubirie mwaka mwingine."

"Hakimu ni kipupwe," mama mkwe akasema. "Mimi nilikuwa karani tu. Mkwe wangu, una neno?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nikatoa ufunguo wa kufuli nikauweka mkononi mwa shemeji. "Bonde ni zuri kwa kabichi," nikamwambia. "Maji yako karibu. Upande wa chini udongo ni mzito, usipande mapema."

Akautazama ufunguo. "Shemeji, yote hayo umeyasema bila mzaha?"

"Mzaha nimeupumzisha."

Mke wangu alikuwa anasikiliza mlangoni. Jioni karudi nyumbani na kapu lake. Alipoona sufuria niliyounguza alikaa akaikwaruza muda mrefu, kwa kucha, kama alivyowakwaruza wale wadudu.

Julai 14
Nimemwambia yote. Hata la shati jeupe. Kasema, "Nilikungoja miaka yote ile, na wewe unakuja kunionea wivu na umande." Kisha kageukia ukutani. Mabega yakawa yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na safari hii niliuliza. Kasema yote mawili, nilale.

Julai 20
Muuza dawa kasema nisikate chochote mpaka baridi iishe. Ndipo nikate shina mpaka nyama nzima, na kwa kuwa shina la mpapai ni tundu ndani kama bomba, nilifunike juu maji yasiingie likaoza. Labda litachipua ubavuni. Labda, kasema mara mbili, na miwani kaishusha.

Nimekwenda kumwomba shemeji ruhusa. Shamba ni lake sasa.

"Visiki vyako siving'oi," kasema. "Nitapanda katikati ya mistari."

"Kwa malipo gani?"

"Kwa kazi gani?" akasema, akarudi kwenye mashine yake.

Nimewaza usiku kucha. Mtu akikupa kitu na hataki kitu, kaficha nini?

Agosti 2
Nimekata. Ndani shina liligeuka kahawia, nikateremka, kahawia, nikateremka tena mpaka nikakuta nyeupe. Mingi imebaki kimo cha magoti yangu. Michache haikuwa na nyeupe popote. Kila kisiki nimekivika kopo tupu. Mke wangu ndiye aliyekusanya makopo, kazunguka nyumba za watu akiomba, na kila nyumba wanamuuliza habari za Jalidi wangu. Kasema anawajibu hajambo, anawasalimu.

Agosti 9
Shemeji kaanza kulima. Analima karibu mno na visiki.

Agosti 15
Miche ya kabichi imeingia. Imenyooka. Ana mkono mzuri, nitake nisitake. Visiki vyangu vimesimama katikati kama wageni wasiojulikana wamealikwa na nani. Hakuna kilichochipua.

Agosti 20
Hakuna.

Agosti 26
Leo nimekuta vijiti. Vimechomekwa kando ya visiki vyangu, si vyote, baadhi tu, kila kimoja na uzi mwekundu. Ndivyo wanavyotia alama miti ya kung'olewa pembeni mwa barabara, nimeona nchi nne. Kaanza na hivi, wiki ijayo atatia vingine, na siku nitakayokwenda kliniki nitarudi nikute kabichi mpaka kwenye ukingo.

Shemeji alikuwa mwisho wa mstari na jembe. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba, na ilikuwa hotuba nzuri, ilikuwa na methali. Nilipofika nikaiacha.

"Shemeji, vijiti ni vya nini?"

"Hujaona?"

"Nimeona vijiti."

"Chuchumaa."

Nikachuchumaa kwenye cha kwanza, mgongo ukalalamika. Chini ya kopo, ubavuni, karibu kabisa na udongo ambapo mtu mrefu hawezi kuona, kulikuwa na kitu kijani, kidogo kuliko ukucha, kimekunjamana kama ngumi ya mtoto mchanga. Nikaenda kwenye kijiti cha pili kwa magoti. Kipo. Cha tatu. Vipo viwili.

"Niliviona juzi wakati napalilia," kasema shemeji juu yangu. "Jembe halina macho. Nikaona nitie alama kabla sijavikata."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja uje uniambie mimi ni mwizi." Hakuwa anacheka, wala hakuwa amekasirika.

Nikakaa chini kwenye udongo wake. "Bonde ni lako," nikasema, kwa sababu ilibidi mtu aseme.

"Bonde ni langu. Hivyo si vyangu."

Nikapanda kumwita mke wangu. Kaja na mikono ya sabuni, kapita kijiti kwa kijiti, kila kimoja akachuchumaa, mpaka cha mwisho. "Vina kiu," kasema.

Tukachota maji. Nikamwagilia vyangu kidogo kidogo kwa kikombe. Ndoo bado ilikuwa na maji, nikashika mstari wa kabichi za shemeji, nikamwagilia mpaka mwisho, nikarudi kisimani, nikaanza mstari wa pili.